Waliopigilia Dari: Wanawake na Ujenzi katika Pwani Yetu

Neno mwiko lina maana tatu katika Kiswahili, na zote tatu zinahusika na makala haya. Mwiko wa kwanza ni wa jikoni, wa kusongea ugali na kupakulia wali. Wa pili ni wa mwashi, wa kutilia chokaa na saruji ukutani. Wa tatu ni jambo lililokatazwa. Kwa muda mrefu tumeishi kana kwamba mwiko wa jikoni ni wa mwanamke, wa mwashi ni wa mwanamme, na ule wa tatu ndio mpaka uliowekwa baina yao. Siku hizi mpaka huo unavukwa. Wasichana huonekana juu ya majukwaa ya ujenzi Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, kofia ngumu imekaa juu ya mtandio, na wapitao husimama wakatazama, wakaambiana kwamba dunia imegeuka.

Dunia haikugeuka kiasi hicho. Mwanamke wa pwani hii amekuwamo katika ujenzi tangu zamani sana, na lau mkono wake ungeondolewa katika nyumba za wazee wetu, nyingi zingebaki fito zilizosimama bila ya kamba. Kilichokosekana ni jina la kazi yake na ujira wake, na mambo hayo mawili hufuatana.

Lugha yenyewe inatupa dalili. Wazee walitofautisha kujenga na kuaka. Kujenga kulikuwa kwa miti na udongo. Kuaka kulikuwa kwa mawe na chokaa, na aliyeaka akaitwa mwashi. Siku hizi kitenzi kimetutoka midomoni, amebaki mwashi peke yake kama yatima wa neno. Mwashi alikuwa fundi, mwenye timazi lake na wanafunzi wake, na jina lake lilitajwa nyumba iliposifiwa. Waliomletea mawe, maji na chokaa walikuwa watu wa kazi tu.

Tuanze na nyumba ya shamba, kwa kuwa ndiyo iliyokaliwa na watu wengi zaidi. Mwanamme alikwenda msituni kukata miti, akachimba mashimo, akasimamisha nguzo, akafunga fito. Hadi hapo kazi ni yake na hakuna amnyimaye. Lakini kamba iliyofungia fito hizo ilitoka wapi? Katika vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja, kama vile Makunduchi, Jambiani na Paje, wanawake walichimba mashimo pwani, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, wakazika humo makumbi ya nazi na kuyakandamiza kwa mawe ili bahari isiyachukue. Makumbi hayo yalikaa chini ya mchanga kwa miezi mingi mpaka nyama yake ikaoza na nyuzi zikabaki. Kisha wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wenyewe walirudi wakayafukua, wakayaponda, wakayaosha kwa maji ya bahari, wakaanika usumba juani, wakausokota kwa viganja vya mikono. Ni kazi ya kuinama, yenye harufu kali ambayo haitoki nguoni kwa kufuliwa mara moja. Kila fundo la nyumba ya miti, kuanzia nguzo za chini mpaka mwamba wa paa, lilikuwa na miezi ya kazi ya mwanamke ndani yake.

Paa nalo lilikuwa hivyo hivyo. Makuti ya viungo hayaanguki mnazini yakiwa tayari. Hushonwa jani baada ya jani juu ya kijiti, na aghalabu washonaji walikuwa wanawake na binti zao. Makuti ya kumba, yale ya kusukwa, ambayo hutumiwa kwa ua na vibanda, pia yalisukwa na wao. Ilipofika kutomea na kukandika, akina mama wa mtaa mzima waliitana kwa ujima: wengine wakateka maji, wengine wakakanyaga udongo kwa miguu, wengine wakaupachika baina ya fito na kuusawazisha kwa viganja. Nyumba ilipokwisha, ilisemwa kwamba fulani amejenga, na fulani huyo alikuwa ni mume.

Sasa tuingie mjini. Mji Mkongwe wa Unguja, kama tunavyoujua, kwa sehemu kubwa ni kazi ya karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, na biashara ya karafuu na pembe za ndovu ilipostawi, majumba ya mawe yalianza kusimama moja ubavuni mwa jingine. Mawe yalikuwa ya matumbawe. Chokaa ilitokana na mawe hayo hayo: magogo yalipangwa duara, mawe yakarundikwa juu yake, tanuu likatiwa moto, na baadaye chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa ilale kabla ya kutumika. Boriti zilikuwa za miti ya mikoko iliyokatwa Rufiji na katika visiwa vya Lamu. Urefu wa boriti ndio uliopima chumba. Upana wake haukuzidi sana mita 3, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, vya mtu kuingilia ubavuni.

Juu ya boriti yalipangwa mawe bapa, na juu ya mawe likamwagwa zege la chokaa, kokoto na udongo mwekundu, unene wake shubiri moja au zaidi. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Zege la chokaa halishiki kwa usiku mmoja kama la saruji. Likiachwa lijikaukie lenyewe hufanya nyufa, na mvua ya masika ya kwanza humwamsha mwenye nyumba kitandani. Dawa yake ilikuwa kupigiliwa. Watu walipanda juu, wakajipanga safu, na kwa fimbo na vibao wakalipiga zege lile siku baada ya siku, likinyunyiziwa maji, mpaka likashikana na kuwa jiwe moja. Waliopanda juu walikuwa wanawake na watoto. Mwashi alikuwa amekwisha kuteremka.

Wageni waliofika Unguja katika karne hiyo wameitaja kazi hii katika maandishi yao, maana haikuweza kukosa kusikika: fimbo zikianguka pamoja, mmoja akianza wimbo na wengine wakimwitikia. Wimbo haukuwa pambo. Fimbo zikianguka ovyo, mahali pamoja pakapigwa sana na pengine pakasahauliwa, dari haishiki sawa; mizani ya wimbo ndiyo iliyoigawa nguvu ya mikono thelathini juu ya sakafu moja. Msomaji anayependa mashairi anaelewa haraka zaidi kuliko mhandisi: vina na mizani vilikuwa kifaa cha kazi, sawa na timazi. Tena wimbo ulikuwa mahali pa kusema yasiyosemeka chini. Aliye juu ya nyumba ya bwana, akiimba pamoja na wenziwe, alikuwa na ruhusa ya kutania na kudokeza ambayo hakuwa nayo akiwa uani.

Walikuwa nani hao? Wengi wao walikuwa wajakazi. Neno letu kibarua linabeba khabari zao mpaka leo. Mtumwa aliyepelekwa na bwana wake kufanya kazi ya kutwa kwa mtu mwingine alipewa kikaratasi, yaani barua ndogo, na kwa kikaratasi hicho ujira ulidaiwa. Sehemu yake ikaenda kwa bwana. Kikaratasi kikampa jina aliyekibeba. Miongoni mwa vibarua wa Unguja wanawake hawakuwa haba, wakibeba mawe na chokaa vichwani, kata ikizuia uzito. Tunapowaonyesha wageni milango iliyochongwa ya Mji Mkongwe, na kuwatajia matajiri waliokaa nyuma yake, ni haki tunyanyue macho na kuitazama dari pia.

Tusidhani lakini kwamba uhusiano wa mwanamke na nyumba ya mawe ulikuwa wa utumwa peke yake. Huko Lamu na Pate, katika familia zilizojiweza, mila ilikuwa baba kumjengea binti yake. Mume alihamia kwa mke, na nyumba ikaendelea kurithiwa kwa upande wa binti. Ghorofa iliongezwa juu ya ghorofa kila binti mwingine alipofikia kuolewa. Hata wikio, lile daraja la mawe linalovuka njia na kuunganisha nyumba mbili, liliwawezesha wanawake kutembeleana bila ya kushuka barabarani. Kwa hiyo mji wa Lamu ulikua kwa kufuata hesabu ya mabinti. Hapa tunao wanawake wa namna mbili chini ya dari moja: mmoja anamiliki, mwingine ameipigilia. Historia ya wanawake ikiandikwa bila kuwatenganisha wawili hawa, huwa inamsahau mmoja, na siku zote ni yule yule.

Hukumu ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, ingawa masuria walingoja mpaka 1909. Waliotoka katika utumwa wengi walihamia Ng'ambo, wakajijengea nyumba za udongo na makuti, na wanawake walikuwa wengi miongoni mwa wenye nyumba hizo. Kwa mwanamke aliyezaliwa akiwa mali ya mtu, nyumba ya vyumba viwili yenye mlango unaofungwa kwa ufunguo wake mwenyewe haikuwa jambo dogo. Alikaa chumba kimoja, cha pili akakipangisha, akala kwa kodi yake. Shida ilikuwa ardhi, ambayo ilikuwa ya wengine waliodai kodi ya kiwanja. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa, na katika mgomo ule wanawake walikuwa mstari wa mbele. Ni mwaka huo huo ambao Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu kabla ya kutembeza sauti yake, alikwenda Bombay kurikodi santuri. Hadhira yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo ya Ng'ambo, watu waliokuwa wakibishana juu ya nani mwenye nyumba na nani mwenye ardhi.

Kisha ikaja saruji. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Hata kabla ya hapo saruji ilikuwa ikiletwa kwa meli, lakini sasa ilipatikana dukani kwa mfuko. Zege la saruji na nondo halihitaji kupigiliwa. Humwagwa, husawazishwa, humwagiliwa maji siku chache, basi. Mafundi waliifurahia, na nani awalaumu? Lakini pamoja na fimbo ziliondoka nyimbo, na pamoja na nyimbo iliondoka ile sehemu pekee ya ujenzi wa mawe ambayo mwanamke alikuwa ndiye mjuzi wake. Kilichomsalia ni kubeba. Wawe wa wakulima na kimai cha mabaharia vimepata watu wa kuviandika. Nyimbo za dari hazikupata bahati kama hiyo.

Baada ya 1964 Unguja iliingia katika ujenzi wa namna nyingine. Majumba ya Kikwajuni na Kilimani yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na baadaye yakafuata yale marefu ya Michenzani. Sehemu kubwa ya nguvu ilikuwa ya wananchi wenyewe, kwa kujitolea, na wako waliojitolea kwa hiari na wako waliojitolea kwa kuitwa. Wanawake walikuwamo katika safu hizo, makarai yakipita mkono kwa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza mke wa karani na mke wa mchukuzi kubeba zege sawasawa, na hilo lina thamani yake, japokuwa ramani zilibaki mikononi mwa wanaume.

Bara nako mambo hayakulala. Nchini Kenya, sehemu za kati, vilitokea katika miaka ya 1960 vikundi vya akina mama vilivyojulikana kwa mabati: walichanga fedha na kufanya kazi za kulima pamoja, kisha wakaezekeana nyumba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Ni upatu ule ule tunaoujua sisi, ila mchezo ulilipwa kwa paa.

Kwetu visiwani mageuzi makubwa yalitoka baharini. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na baada ya miaka michache wengi wa wakulima wake walikuwa wanawake, baadhi yao wale wale waliokuwa wakizika makumbi kwenye pwani hiyo hiyo. Bei ya mwani ni ndogo na haitabiriki, wala si nia yangu kuisifu biashara hiyo; migongo ya waliokaa majini inajua. Lakini fedha ile iliingia mkononi mwa mwanamke, na anayetaka kujua aliifanyia nini na atembee katika vijiji hivyo. Kuta za udongo ziligeuka kuta za matofali, makuti yakapisha mabati. Alinunua mifuko miwili ya saruji msimu huu, akafyatulisha matofali, akayapanga nyuma ya nyumba. Msimu ujao akaweka msingi. Alichagua fundi, akapatana naye bei, akamsimamia. Kwa lugha ya ofisini mtu huyo huitwa msimamizi wa mradi. Kijijini aliitwa mama fulani anayejenga, na kwa mara ya kwanza kitenzi kilikuwa chake.

Hapa pana jambo zito ambalo haifai kulipita kwa haraka. Nyumba nyingi za namna hiyo zilisimama juu ya viwanja vya upande wa mume. Sheria ya Kiislamu inampa mwanamke mali yake iwe yake, na mume hana haki ya kuigusa. Lakini mali iliyogeuka ukuta juu ya ardhi ya mwingine huwa ngumu kuthibitishwa. Hakuna aliyeandika risiti za saruji. Ndoa ilipovunjika, mke aliondoka na masanduku yake na vyombo vyake, na kuta alizolipia akaziacha zimesimama. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imefungua njia ya kadhi kuutazama mchango wa mke katika mali ya ndoa, na hiyo ni hatua. Hata hivyo mahakama hutazama ushahidi, na ushahidi wa mwanamke huyu mara nyingi uko katika kumbukumbu ya jirani na ya fundi. Bibi yake alipigilia dari ya mtu na hakuandikwa. Yeye amelipia ukuta, naye asipojihadhari hataandikwa.

Wapo wengine ambao hawakufikia hata kununua tofali. Kandokando ya njia, Unguja na Pemba, na bara katika machimbo kama ya Kunduchi, wanawake wamekaa miaka na miaka wakiponda kokoto kwa nyundo, mtoto kalala chini ya kipande cha turubai. Kokoto hiyo huuzwa kwa debe au kwa gari, huenda kuwa nguzo za hoteli na ghorofa za watu. Vipande vya jiwe huruka machoni. Vumbi huingia kifuani. Tukihesabu wanawake katika sekta ya ujenzi, na hesabu hiyo hupendwa sana makongamanoni, tuanze na hawa, kwa kuwa hakuna zege linalosimama bila ya kazi yao.

Tukipanda juu kidogo tunakutana na saidia fundi. Ndiye anayechanganya, anayebeba, anayepandisha karai. Mwanamme huingia katika kazi hii kama mlango: mwaka wa kwanza anabeba, wa pili anashika mwiko fundi akienda kula, wa tatu ni fundi mwenye wanafunzi. Mwanamke akiingia kwa mlango huo huo hukuta ukumbi usio na ngazi. Miaka kumi baadaye bado anabeba. Sababu si nguvu, maana kubeba ndiko kunakotaka nguvu zaidi kuliko kupiga lipu. Sababu ni kwamba ufundi wa uashi haukufundishwa darasani. Ulifundishwa kwa urafiki, kwa undugu, kwa fundi kumpenda kijana fulani na kumwachia mwiko wake jioni. Msichana hakuwamo katika urafiki huo. Ongeza na mambo yanayoonekana madogo, kama kukosekana choo cha wanawake kazini, na maneno ya utani ambayo si ya utani, na utaona kwa nini wengi huondoka.

Ndiyo maana shule zina umuhimu. Chuo cha Mbeya cha ujenzi wa barabara kwa kutumia nguvu kazi kimefundisha wanawake na vikundi vyao kutengeneza barabara kwa sururu, toroli na vipimo rahisi, kazi ambayo mwanamke wa kijijini anaweza kuichukua kwa mkataba. Katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, hapo Mbweni, wasichana husoma uhandisi wa majengo. Ni Mbweni ile ile ambako katika miaka ya 1870 misheni ya Kiingereza iliweka shule ya wasichana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Kinyasini, kaskazini ya Unguja, akina mama wa vijijini, wengine hawakupata kusoma sana, wamekuwa wakifundishwa tangu 2015 kufunga na kutengeneza umeme wa jua katika nyumba. Na wahandisi na wasanifu majengo wa kike wa Tanzania wameanza kurudi kwa wenzao: chama cha wanawake wasanifu majengo kiitwacho TAWAH, kilichoanzishwa na Victoria Marwa Heilman, kilikwenda Kisarawe, mkoa wa Pwani, kuwajengea nyumba akina mama wasio na uwezo, na wanachama wake wakashika tope wenyewe. Kenya, Emma Miloyo alichaguliwa mwaka 2017 kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wasanifu majengo cha nchi hiyo.

Serikali nazo zimeingia. Kenya tangu 2013 imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tanzania ikafuata kwa kanuni zake za 2016 na makundi yanayofanana na hayo. Ni jambo jema, na ni jambo linaloweza kughushiwa. Kampuni inaweza kusajiliwa kwa jina la mke, na mume akaenda kupokea hundi. Hapo mwanamke amerudi kuwa kikaratasi, barua ndogo inayobebwa ili ujira udaiwe na mwingine.

Nimeiweka mwisho khabari ya chokaa kwa sababu ndiyo inayotubana zaidi sisi wa visiwani. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Kuta za miji hii ni za matumbawe na chokaa, na kuta hizo hupumua: huvuta unyevunyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya saruji unaziziba pumzi. Maji hubaki ndani, chumvi huchimba, na baada ya miaka michache lipu hubanduka na jiwe lake. Wenye kuhifadhi majengo wamelisema hili kwa muda mrefu, na wenye nyumba wameendelea kununua saruji, kwa kuwa iko dukani na fundi wake yuko mtaani. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Sitaki kulirahisisha tukio lile. Jumba lile lina vyuma vyake na maradhi yake mengi. Lakini tangu siku hiyo swali la nani anayejua kushughulika na majengo ya zamani halikuweza tena kuahirishwa.

Anayejua ni nani, basi? Waashi wa chokaa wamebaki wachache. Mafunzo ya ukarabati yamefufuliwa Mji Mkongwe, na wasichana wamo: wanachekecha chokaa, wanaichanganya, wanashika mwiko na wanapiga lipu, bila ya kupitia ule ukumbi usio na ngazi. Chokaa inawafaa kwa jambo moja zaidi. Haikimbizani na mtu kama saruji. Humpa mwanafunzi muda wa kurekebisha kabla ya kushika. Ila katika mafunzo hayo ukuta umepata walimu kuliko dari. Namna ya kuchanganya imeandikwa, vipimo vimeandikwa. Namna ya kupigilia, yaani kiasi cha maji kwa kila siku, uzito wa fimbo, safu iende upande gani, na mlio gani unaoonyesha kwamba imetosha, yote hayo yalikuwa katika mikono na masikio ya watu ambao hakuna aliyewaita mafundi.

Waliokuwa wasichana wakati dari za mwisho zikipigiliwa Unguja, Pemba na Lamu sasa ni vikongwe. Aliye na bibi wa namna hiyo na amwendee akiwa bado ana sauti, amuulize fimbo zilikatwa mti gani, na wimbo upi uliimbwa siku ya kwanza, zege likiwa bichi na fimbo zikizama, na upi uliimbwa siku ya mwisho, dari ilipoanza kujibu.